Nchi Jirani: Kobe Aliyefutwa Daftarini na Kobe Aliyeandikwa Upya

Mwezi Januari 2023 wataalamu wa nchi kadhaa walitangaza kwamba katika kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani ya Afrika Mashariki walikiita Bukini, aliwahi kuishi kobe mkubwa ambaye hakuna kitabu cha elimu ya wanyama kilichopata kumtaja. Hakuna mtu aliye hai aliyemwona akitembea, wala hakuna picha yake. Kilichomtambulisha ni mfupa wa mguu uliokuwa umehifadhiwa katika mikusanyo ya makumbusho, pamoja na chembe za urithi, yaani vinasaba, zilizokuwa bado zimo ndani ya mfupa huo. Miaka kumi kabla ya hapo, uchunguzi wa namna hiyo hiyo katika visiwa vya Shelisheli ulikuwa umeleta matokeo ya kinyume kabisa: kobe aliyekuwa amehesabiwa kwa miaka mingi kuwa ametoweka duniani aligundulika kuwa hakupata kuwapo hata siku moja.

Mambo haya mawili, moja la kuandika na jingine la kufuta, yametokea katika nchi zinazopakana na Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Kwa mtu wa kawaida yaweza kuonekana kuwa ni mazungumzo ya mabingwa wa maabara. Lakini askari polisi yeyote aliyewahi kukabidhi kielelezo mahakamani, na askari wa jeshi yeyote aliyewahi kutunza daftari la ghala, atatambua mara moja kwamba kiini cha habari hizi ni jambo analolijua vizuri, nalo ni hili: kitu kilichokamatwa mahali fulani kina thamani ya ushahidi kwa kadiri ya uhakika wa maandishi yanayofuatana nacho.

Yafaa kuanza na Shelisheli. Mnamo mwaka 1895 mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, August Brauer, alikuwa katika visiwa hivyo akikusanya wanyama wa kila namna kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Miongoni mwa vitu vilivyohesabiwa kuwa ni vyake walikuwamo kobe watatu wa maji baridi, wale wakaao kwenye matope ya vidimbwi na vinamasi, ambao sehemu ya mbele ya gamba lao la chini ina bawaba na huweza kujifunga kama mlango pale mnyama anaporudisha kichwa ndani. Mmoja alihifadhiwa Hamburg, na wawili Vienna. Mwaka 1906 Friedrich Siebenrock, mtaalamu wa makumbusho ya Vienna, aliwachunguza, akaona kuwa wana tofauti na wenzao, akawapa jina linalotokana na visiwa hivyo. Baadaye walipandishwa daraja wakahesabiwa kuwa ni spishi kamili, Pelusios seychellensis.

Tangu hapo hakuna aliyempata kobe wa nne. Visiwa vya Shelisheli si vikubwa. Mahe, kilicho kikubwa kuliko vyote, kina urefu usiozidi kilomita 30, na vinamasi vyake vinahesabika. Watu walitafuta, wakawakuta kobe wengine wawili wa matope ambao jamaa zao wako pia katika bara la Afrika na Madagaska, lakini yule wa tatu hakuonekana. Basi ikakatwa shauri kwamba ametoweka. Jina lake likaingizwa katika Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maumbile, safu ya wale wasiorudi tena, na vitabu vikamtaja kama mfano wa hasara iliyoletwa na kukaushwa kwa vinamasi.

Hata hivyo, palikuwa na jambo lililowatia shaka baadhi ya wataalamu. Kobe wale watatu walifanana mno na kobe wa matope wa Afrika Magharibi, Pelusios castaneus, ambaye makazi yake ni kuanzia Senegal hadi Angola. Ilikuwaje mnyama wa Shelisheli afanane na wa pwani ya Atlantiki kuliko anavyofanana na majirani zake wa Afrika Mashariki na Madagaska? Baina ya pwani hizo mbili kuna bara zima. Kobe wa matope hawezi kulivuka bara, wala hawezi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa kuogelea.

Mwaka 2013 wataalamu wa Kijerumani, wakiwamo wa makumbusho ya Senckenberg ya Dresden, walitoa majibu. Walichukua kipande kidogo kutoka kwa kobe yule wa Hamburg, ambaye ndiye aliyebeba jina, wakapata vinasaba vyake ingawa alikuwa amekaa makumbushoni zaidi ya miaka 100, wakavilinganisha na vya kobe wengine wa jamii ile. Havikuwa na tofauti na vya kobe wa Afrika Magharibi. Kwa maneno mengine, mtuhumiwa aliyekuwa akitafutwa Mahe kwa zaidi ya karne moja alikuwa anaishi kwa amani kwenye mito ya nchi nyingine, akiwa na jina jingine.

Ilikuwaje basi kobe wa Atlantiki aandikwe kuwa ametoka Bahari ya Hindi? Njia zinazowezekana ni mbili. Ya kwanza ni kwamba watu walimbeba kwa meli, kwani katika karne zilizopita kobe walisafirishwa huku na huko kama chakula na kama wanyama wa kufugwa. Ya pili, ambayo ni nyepesi zaidi kuaminika, ni kwamba lebo zilichanganyika. Mkusanyaji huwa na mamia ya mitungi na mapipa yenye pombe ya kuhifadhia. Vitu hupakiwa, hushushwa bandarini, hufunguliwa na mtu mwingine, hugawanywa kwa makumbusho mbili au tatu, na kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi hukatika. Mtu mwenye nia njema hukiokota na kukifunga mahali anapodhani ndipo pake. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyeiba. Lakini kuanzia dakika ile kielelezo kinatoa ushahidi wa uongo, na kitaendelea kuutoa mpaka atokee mtu wa kukihoji upya.

Hapo askari atakumbuka kanuni ya utunzaji wa vielelezo. Bunduki iliyookotwa kwenye tukio huandikiwa namba, husainiwa na aliyeipokea, tena na aliyeipokea kutoka kwake, hadi siku ya hukumu. Pakikosekana saini moja, wakili wa utetezi hana haja ya kuuliza swali la pili. Makumbusho za karne ya 19 hazikuwa na ukali huo. Mara nyingi lebo ilitaja jina la nchi tu, na wakati mwingine jina la bandari ambako meli ilipakia, ambayo si lazima iwe ndiyo mahali mnyama alipokamatwa.

Kanuni ya majina nayo inahitaji kuelezwa, maana bila hiyo haieleweki kwa nini kobe mmoja wa Hamburg alikuwa na uzito wote huo. Katika elimu ya wanyama kila jina la kisayansi limefungwa kwenye kielelezo kimoja kilichoteuliwa, ambacho hutunzwa mahali panapojulikana. Jina huenda kule kinakokwenda kielelezo hicho. Kikithibitika kuwa ni mali ya spishi nyingine iliyokwisha kupewa jina, basi jina lililotangulia ndilo linaloshika, na la baadaye hubaki katika kumbukumbu tu. Kobe wa Afrika Magharibi alipewa jina lake mwaka 1812, na yule wa Shelisheli mwaka 1906. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi wa nani ampishe nani. Orodha ya waliotoweka ikapungua mmoja, na Shelisheli ikabaki na kobe wake wawili wa matope, ambao wapo kweli na ambao vinamasi vyao vinapungua kweli.

Kwa nini mambo haya hayakufanywa zamani? Sababu ni kwamba vinasaba huharibika. Mnyama akifa, nyuzi zile ndefu za urithi huanza kukatika vipande vipande, na joto pamoja na unyevu huzidisha kasi ya kukatika. Mfupa uliolala katika ardhi ya baridi huko kaskazini huweza kuhifadhi vinasaba kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mfupa uliolala katika bonde la Madagaska huwa na bahati ukivitunza kwa miaka 1,000. Wataalamu hutoboa mfupa na kupata unga kidogo tu, wakifanya kazi katika chumba kilichosafishwa na kuvaa mavazi ya kufunika mwili mzima, kwa kuwa chembe moja ya jasho la mchunguzi, au vumbi la kobe mwingine aliyechunguzwa siku iliyopita, ingeweza kuharibu ushahidi wote. Kisha vipande vile vifupi husomwa kimoja kimoja na kuunganishwa kwa msaada wa kompyuta. Umri wa mfupa hupimwa kwa njia nyingine, ile ya kaboni 14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi tangu kiumbe kilipokufa.

Kwa njia hizo ndipo ilipochunguzwa mifupa ya kobe wa visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2023. Madagaska ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa na kobe wawili wa ajabu kwa ukubwa ambao hawapo tena. Mifupa na magamba yao yalianza kuelezwa na Wafaransa katika karne ya 19, na mkubwa kati yao alikuwa na gamba la zaidi ya mita moja. Ilidhaniwa kuwa hesabu imeishia hapo. Lakini mfupa mmoja ulipohojiwa haukukubali kuwa wa yeyote kati ya hao wawili. Wala haukuwa wa kobe wa Madagaska walio hai leo, ingawa ulikuwa na udugu wa karibu na jamii mojawapo ya hao, ile ya kobe mwenye mistari kama miali ya jua na ya kobe adimu aitwaye angonoka. Ulikuwa ni ushahidi wa ndugu wa tatu, aliyekuwa mkubwa kuliko ndugu zake hao ingawa hakufikia yale majitu. Alipewa jina la Astrochelys rogerbouri, kwa heshima ya Roger Bour, mtaalamu wa Kifaransa aliyefariki mwaka 2020 baada ya kutumia maisha yake kuchunguza kobe wa visiwa hivi. Ni mara chache mno mnyama mwenye mifupa ya mgongo kupewa jina kwa ushahidi wa vinasaba peke yake, na wapo watakaosema kuwa huko ni kujasiri kupita kiasi. Hata hivyo mfupa upo, umetunzwa, na anayetaka kubisha anaweza kwenda kuupima.

Wote watatu, yaani majitu mawili na huyu mpya, walitoweka kati ya miaka 1,000 na 600 iliyopita. Hiyo si zama ya kabla ya historia. Wakati huo Kilwa ilikuwa inapokea majahazi, watu walikuwa wamekwisha kuenea Madagaska na mifugo yao, na inawezekana kabisa kwamba mababu wa watu waliopo leo walikula nyama ya kobe huyo. Mnyama mzito asiyekimbia, anayechukua miaka mingi kabla ya kutaga mayai, hana kinga mbele ya mtu mwenye njaa na moto.

Uchunguzi huo huo ulieleza pia kobe hawa walifikaje visiwani. Asili yao ni bara la Afrika. Wengine walielea baharini zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita wakafika kwenye visiwa vilivyokuwa kaskazini-mashariki ya Madagaska, ambavyo sasa vimezama, na kutoka huko vizazi vyao vikahamia Morisi, Reunion na Rodrigues kadiri visiwa hivyo vilivyozuka kutoka chini ya bahari. Wengine waliingia Madagaska, na kutoka Madagaska wakafika Shelisheli, na kutoka Shelisheli wakafika Aldabra, tena si mara moja, kwa kuwa Aldabra ni kisiwa cha matumbawe kilichowahi kufunikwa na maji kikazuka tena.

Mtu akishangaa kusikia kuwa kobe wa nchi kavu aweza kuvuka bahari, na aulize watu wa Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam. Mwezi Desemba 2004 kobe jitu alionekana huko akitoka majini kwa miguu yake, amekonda, na miguu yake imeota vijikombe vya baharini ambavyo huota tu juu ya kitu kilichokaa majini muda mrefu. Alikuwa ni wa jamii ya kobe wa Aldabra, na Aldabra iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Kobe huelea, huinua shingo kupata hewa, na aweza kukaa majuma mengi bila kula wala kunywa.

Sifa hiyo ya kukaa bila chakula ndiyo iliyowaangamiza. Kwa mabaharia wa karne ya 17 na 18, kobe jitu alikuwa ni nyama ibebwayo ikiwa hai, isiyooza na isiyohitaji lishe. Kwa lugha ya jeshi, alikuwa ni akiba kamili ya posho. Mfaransa François Leguat, aliyekaa Rodrigues mwishoni mwa karne ya 17, aliwakuta kobe wamejaa kiasi cha mtu kuweza kutembea juu ya magamba yao bila kukanyaga ardhi. Meli zikawabeba kwa maelfu. Spishi zote za Morisi, Reunion na Rodrigues zikaisha. Huko Shelisheli nako kobe wa visiwa vya mawe waliangamizwa, na vinasaba vinaonyesha kuwa wale walioonekana huko baadaye wana asili ya Aldabra na walirudishwa na watu. Kwa hiyo hata kobe wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao walitolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, ni wa ukoo huo wa Aldabra. Hao nao waliwahi kupungua vibaya kwa sababu ya wizi, hadi ikalazimu kujengewa uzio.

Aldabra yenyewe iliponea chupuchupu, na mara ya mwisho hatari ilitoka kwa jeshi. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walikuwa wamemwandikia Gavana wa Morisi kuomba kobe wa huko walindwe. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Aldabra kutoka Shelisheli, pamoja na visiwa vingine, ikaunda himaya mpya katika Bahari ya Hindi, na ikapanga kujenga huko uwanja wa ndege za kivita. Wataalamu wa nchi mbalimbali walipinga kwa nguvu. Novemba 1967, mwezi ule ule ambao thamani ya paundi ilishushwa, mpango ukaachwa. Kisiwa kilirudishwa kwa Shelisheli ilipopata uhuru mwaka 1976, na mwaka 1982 kikaandikwa katika Urithi wa Dunia. Kobe wake wanakadiriwa kuwa kama 100,000. Haitakuwa haki kutaja ushindi huo bila kukumbusha kwamba wakazi wa visiwa vya Chagos, waliokuwa katika himaya hiyo hiyo, walihamishwa kwa nguvu miaka iliyofuata ili kambi ya kijeshi ijengwe Diego Garcia. Kobe walipata mawakili wengi kuliko watu.

Kwa upande wa Madagaska hatari haijapita. Aprili 2018 maofisa waliingia katika nyumba moja ya Toliara, kusini-magharibi ya nchi, wakakuta karibu kobe 10,000 wa mistari ya jua wamerundikwa vyumbani bila maji. Mwaka 2024 Thailand ilirudisha Madagaska karibu wanyama 1,000, kobe na lemuri, waliokuwa wamesafirishwa kwa magendo. Wanaotaka wanyama hao ni wafugaji wa anasa wa nchi za mbali, nao hulipa zaidi kwa kadiri mnyama anavyokuwa adimu. Njia za magendo ni zile zile za bahari na anga ambazo nchi zote za ukanda huu zinazitumia kwa biashara halali.

Hapo ndipo swali la jina linapotoka makumbushoni na kuingia katika kituo cha polisi. Mtuhumiwa aliyekamatwa na sanduku la kobe wadogo hudai kwamba ni wa kufugwa, au ni wa spishi isiyolindwa na sheria, au ni wa nchi nyingine. Kobe mchanga wa spishi moja hufanana na wa nyingine, na ofisa wa forodha hawezi kulaumiwa kwa kutowatofautisha. Tone la damu au kipande cha ukucha, kikilinganishwa na vinasaba vya vielelezo vilivyotunzwa vizuri, huweza kutaja spishi na wakati mwingine hata sehemu ya kisiwa alikotoka. Lakini ulinganisho huo hutegemea kwamba kielelezo cha makumbusho kimeandikwa sawasawa. Kama lebo ni ya uongo, kama ile ya kobe wa Hamburg, mahakama itapewa jibu la uongo lenye mhuri wa maabara.

Walinzi wa angonoka katika Ghuba ya Baly, kaskazini-magharibi ya Madagaska, hawakusubiri maabara. Wamechora namba na alama juu ya magamba ya kobe hao kwa chombo cha kukatia, ili wapoteze uzuri wao machoni mwa wanunuzi na ili kila mmoja, popote atakapokamatwa, aweze kutambuliwa bila karatasi.